Podi Nne za Afande Lyamba

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa studio yake ya picha pale Shanwe, mjini Mpanda, mama mdogo Dina hutoa lenzi mfukoni mwa sweta, huipulizia pumzi, huifuta kwa pindo la kitenge, kisha hukitazama kidole gumba chake cha kushoto. Kina kovu la kisu cha kumenyea mihogo, la tangu utotoni, lenye alama tatu za nyuzi alizoshonwa. Akiziona zote tatu husema, "Leo naona," na kufungua. Akiona mbili hupiga picha za paspoti kama kawaida, lakini siku hiyo hatoi hukumu juu ya ndege yoyote.

Kutoa hukumu juu ya ndege ni kazi yake ya pili, na hakuna aliyemwajiri. Duniani, nilikuja kugundua, kuna watu wengi wanaotengeneza ndege ndogo za kivita za plastiki, mfano wa zile kubwa, zilizopunguzwa mara sabini na mbili mpaka ndege nzima inakaa mezani kando ya sahani. Wengi wao ni wazee wastaafu wa nchi za baridi, wenye gundi nzuri na muda mwingi. Hugombana mtandaoni kwa hasira ambayo sisi huku tunaiweka akiba kwa ajili ya mipaka ya mashamba.

Kinachowagombanisha zaidi ni podi. Podi ni kasha refu, jembamba, lililochongoka mbele kama ndizi iliyonyooshwa, na ndani yake mna bunduki. Hufungwa chini ya tumbo au bawa la ndege ambayo haikuzaliwa na bunduki za kutosha. Kila podi ina mwaka wake, kikosi chake na ndege yake. Ukifunga podi iliyotoka mwaka 1970 kwenye ndege ya mwaka 1966 hakuna atakayeumia, lakini wapo watu Ulaya ambao hawatapata usingizi.

Hao ndio humwandikia mama mdogo. Humtumia picha za zamani zenye ukungu na kumuuliza ile iliyoning'inia pale ni podi gani. Huanza barua zao kwa "Mheshimiwa Bwana", kwa sababu jina lake mtandaoni ni D. Mpanda, naye hajaona haja ya kuwasahihisha. Mwaka jana mzee mmoja wa Ujerumani na mwenzake wa Kanada walitukanana miezi minne juu ya podi iliyokuwa chini ya tumbo la ndege iitwayo Fantomu. Mama mdogo aliitazama picha kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji, akajibu kwa mistari miwili. Ubavuni mwa podi palikuwa na pangaboi dogo lililochomoza. Podi za mwanzo zilihitaji upepo wa pangaboi hilo ili kuzungusha mitutu yake. Zilizofuata zilijizungusha kwa moshi wa risasi zake zenyewe, hazikuwa na pangaboi. Kwa hiyo ni ya mwanzo. Wazee wote wawili walishukuru. Yule wa Kanada aliendelea kumwandikia, akimwomba ushauri juu ya mke wake.

Mambo haya yalianzia mnadani, miaka kumi na moja iliyopita. Ndani ya robota la nguo za watoto palikuwa na boksi la ndege ya kuunganisha. Mama mdogo alilinunua, akaiunganisha kwa wiki mbili, akabakiwa na kipande kimoja. Fundi pikipiki yeyote wa Mpanda akimaliza kufunga injini na kubakiwa na nati mbili huzitupia kwenye kopo na kukwambia zilikuwa za ziada. Mama mdogo hawezi. Amefanya kazi ya picha miaka mingi, amesafisha picha za marehemu zilizoliwa na mchwa, na anajua tofauti ya kivuli cha pua na kivuli cha doa. Alikihangaikia kile kipande miezi saba mpaka akajua kwamba ni podi, na kwamba ni ya ndege nyingine, iliingizwa boksini kimakosa. Hakushangilia wala nini. Alikiweka kwenye bahasha, akaandika juu yake "Ya ndege nyingine", akalala.

Studio imo kwenye fremu ya Afande Aloyce Lyamba. Jengo lina fremu nne za biashara, zote zake, na yeye mwenyewe hukaa barazani kwenye kiti cha chuma, amevaa kofia ya kijeshi ambayo nina hakika hakuna jeshi lililowahi kuivaa. Ni sajini mstaafu. Ujanani alitumikia kwenye ndege za kivita, na Shanwe nzima inajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizifunga silaha chini ya mabawa. Nilipokuwa mtoto alisema alifunga "bunduki". Mama mdogo alipoanza kusimulia habari za podi pale barazani, bunduki za Afande nazo zikageuka podi. Alipoeleza kwamba podi hushikwa na ndoano mbili, wiki iliyofuata Afande akazikumbuka ndoano mbili. Vita vya wastaafu wengine vilikwisha zamani. Vyake viliendelea kuboreshwa.

Mwaka huu Afande na mkewe, Mama Minza, walitimiza miaka hamsini ya ndoa, ikaundwa kamati ya jubilei. Mwenyekiti akawa Mwalimu Kasimu, ambaye si Mkatoliki na hajawahi kukanyaga parokiani, lakini ana viti vya plastiki mia mbili na kipaza sauti. Kamati iliamua kwamba wapangaji na majirani watoe zawadi moja kubwa, ndege ya mbao yenye urefu wa mita moja, mfano halisi wa ile aliyoitumikia Afande. Kalisti, fundi seremala, angechonga. Mama mdogo angesimamia vipimo na kupaka rangi. "Iwe halisi," Mwalimu Kasimu alisisitiza, "halisi kabisa, maana kutakuwa na wageni kutoka Sumbawanga."

Siku mbili baadaye Afande alikuja studio na picha ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kijana mwembamba aliyesimama chini ya bawa la ndege.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Nikuzie hii, Dina. Iwe kama dirisha. Itakaa ukumbini, nyuma ya keki. Podi zionekane vizuri."

Asubuhi iliyofuata kidole gumba kilikuwa na nyuzi tatu. Mama mdogo aliikuza picha, akainamia kioo cha kompyuta mpaka saa sita. Kisha akaniita mimi, msaidizi wake, akanipisha kwenye kiti.

"Hebu tazama. Niambie unachokiona."

"Podi mbili," nilisema. "Moja kila bawa."

"Nionyeshe tundu la mtutu."

Nikatafuta. Mbele palikuwa butu, laini kama yai.

"Nionyeshe masizi. Bunduki ikilia inajipaka masizi."

Hayakuwepo. Badala yake palikuwa na michirizi ya kitu kilichomwagika na kukauka, ikishuka ubavuni kutoka kwenye kitu cha mviringo kilichoonekana nusu tu. Kifuniko. Na kijana mwembamba, ambaye kwa miaka yote picha hii ilivyotembea mikononi mwa watu sote tulimtazama usoni, mkononi alishika mpira wa kujazia mafuta.

"Ndege hii bunduki zake zimo puani, chini ya kidevu," mama mdogo alisema. "Haya ni matangi ya ziada ya mafuta. Alikuwa mjaza mafuta." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa nitamwambiaje?"

Alimwambia siku hiyo hiyo, ndani, mlango umerudishwa, ili watu wa barazani wasisikie. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakata paspoti.

"Afande, hili ni tangi."

Afande alicheka. "Wewe mtoto, ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Picha ilikuwepo."

"Picha imefifia hiyo. Miaka arobaini na ushei."

"Imefifia kote, Afande. Haiwezi kufifia tundu la mtutu peke yake."

Niliusikia mkasi wangu mwenyewe, nikauweka chini.

"Fremu hii una miaka mingapi?" Afande aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Ishirini na miwili."

"Ishirini na miwili! Heri, mwanangu, anaitaka aweke duka la simu. Kila akinisumbua namwambia, muache Dina, Dina hana shida na mtu." Kiti kililia alipoinuka. "Usiwe na shida na mtu, Dina."

Jumapili, baada ya misa ya pili, kamati ilikaa uani kwa Mwalimu Kasimu. Mama mdogo, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kwenye mikutano, alisimama na kusema kwamba ndege ile haikuwa na podi, ilikuwa na matangi mawili ya mafuta, na kwamba hilo ndilo litakalochongwa kama wanataka kitu halisi.

"Mafuta?" alisema mama mmoja wa kwaya. "Yaani tumpe mzee wetu zawadi ya kituo cha mafuta?"

"Ndege bila bunduki si ya abiria hiyo?" mwingine akadakia. "Wageni watauliza tiketi bei gani!"

"Jamani nyie, utaratibu," Mwalimu Kasimu alisema, akigonga meza kwa kifuniko cha soda. "Hoja iliyopo mezani ni idadi ya podi. Mbili, au nne?"

"Kwa nini nne?" mama mdogo aliuliza.

"Picha inaonyesha mbili, si ndiyo? Na hiyo ni siku ya kawaida tu. Siku ya mapambano lazima ziliongezwa."

Matangi hayakupigiwa kura kwa sababu hakuna aliyeunga mkono. Podi nne zilipita kwa kura tisa dhidi ya moja, na historia ya anga ikawa imerekebishwa kabla chai haijapoa.

Kalisti alichonga alivyoagizwa. Mama mdogo alipokwenda kwenye karakana yake alizikuta podi nne zimepangwa juu ya benchi, laini, kila moja na tundu lake mbele.

"Kalisti, na wewe unajua hazikuwepo."

"Mama, mimi nachonga majeneza," Kalisti alijibu, akipuliza vumbi la randa. "Aliyemo ndani sijawahi kumhoji. Nikiambiwa nne, nachonga nne."

"Basi nichongee na matangi mawili."

"Yameagizwa na nani?"

"Na mimi."

Kalisti akamtazama, akatazama mbao. "Fremu utapata wapi, mama?"

Wiki hiyo mama mdogo alipaka ndege rangi, koti tatu, akisubiri kila moja ikauke. Siku hizo hizo alianza kuomba maboksi matupu ya sabuni kwenye duka la jirani. Aliweka ndani fremu za picha, kisha taa, kisha lile kabati dogo la mbao lenye ndege zake kumi na nne, akalizungushia blanketi. Lile pazia la bluu, ambalo nusu ya watu wazima wa Mpanda wana paspoti mbele yake, alilikunja mwisho. Mimi sikuuliza. Ukutani palibaki mistatili myeupe.

Jubilei ilifana. Ukumbi wa parokia ulijaa viti mia mbili vya Mwalimu Kasimu na watu mia tatu. Ulipofika wakati wa zawadi muziki ukapigwa, na watu wakaingia kwa mafungu, wakicheza kuelekea meza kuu: watoto na kitanda, wanakwaya na vitenge, ukoo wa Mama Minza na ndama halisi aliyekataa kucheza. Mwisho tukaingia wapangaji na majirani. Kalisti na mama mdogo waliibeba ndege imefunikwa kitambaa cheupe. Mimi nilibeba mfuko wa kaki.

"Na sasa," Mwalimu Kasimu alinguruma kwenye kipaza sauti, "ndege ya Afande! Yenye podi nne za bunduki! Nne, wageni wetu wa Sumbawanga, muhesabu wenyewe!"

Kitambaa kikatolewa. Vigelegele vikapigwa, vikapungua, vikaisha. Watu walikuwa wanahesabu. Chini ya mabawa palikuwa na vitu viwili butu, vya rangi ya fedha, kila kimoja na kifuniko na mchirizi mwembamba wa kahawia.

"Podi ziko wapi?" Mwalimu Kasimu aliuliza, akisahau kuzima kipaza sauti.

Mama mdogo akaninyooshea kidole. Nikauweka mezani ule mfuko wa kaki, podi zote nne zikiwa ndani. Juu yake, kwa mwandiko wake wa kueleweka, alikuwa ameandika "Za ndege nyingine".

Afande alisimama. Alikuwa amevaa suti na ile kofia. Aliitazama ndege, akamtazama Dina, na ukumbi mzima ukamtazama yeye. Nyuma ya keki, kwenye picha kubwa kama dirisha, kijana mwembamba alikuwa ameshika mpira wake, na safari hii watu wakautazama mkono.

"Dina," Afande alisema taratibu. "Hivi ni vitu gani umeniwekea?"

"Matangi," alijibu Mama Minza.

Alikuwa ameketi pembeni ya mumewe, shela kichwani, chupa ya soda mkononi. Hakuinuka.

"Baba Heri, miaka hamsini mimi nafua. Baruti sijawahi kuifua hata siku moja. Mafuta nimeyafua mpaka vidole vikachubuka. Suruali zako zilinuka kama taa ya chemli. Mtoto wa kwanza nilimnyonyesha nimeziba pua." Akanywa soda. "Hilo ni tangi. Nalifahamu kwa harufu."

Kicheko kilianzia kwenye ukoo wa Mama Minza, kikapita kwa wanakwaya, kikawafikia wageni wa Sumbawanga, ambao hawakujua wanacheka nini lakini walicheka kuliko wote. Mpiga muziki, kwa kukosa maelekezo, aliweka wimbo. Afande aliketi. Keki ilipoletwa alilishwa, akatafuna.

Katika muhtasari wa kamati, Mwalimu Kasimu aliandika kwamba zawadi ilikabidhiwa kikamilifu na kwamba podi nne "zimehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye".

Wiki ile kiti cha chuma kilikaa barazani bila mtu. Jumatano alikuja Heri na futi kamba. Alipima ukuta wa kushoto, akapima ukuta wa kulia, akaandika kwenye simu, akaondoka bila kusalimia. Mama mdogo aliendelea kupiga paspoti mbele ya shuka jeupe, kwa kuwa pazia la bluu lilikuwa boksini. Kila asubuhi alikagua kidole. Kila asubuhi zilikuwa nyuzi tatu, na hakuna siku aliyosema "Leo naona."

Jumamosi Afande akaja mwenyewe. Hakuwa na kofia. Ile ndege alikuwa ameibana kwapani kama mtu anayepeleka jogoo sokoni. Akaiweka juu ya meza, katikati ya maboksi.

"Shikamoo Afande."

"Kifuniko umekiweka wapi?"

"Upande wa nje."

"Nani kakwambia kilikuwa nje?"

"Hakuna. Picha inaonyesha nusu tu. Nilikisia."

"Ulikisia." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi. "Kilikuwa upande wa ndani, kuelekea tumboni. Tena juu kidogo. Unapiga goti, unapitisha mkono wa kushoto, siyo wa kulia, wa kulia hauingii. Unakibonyeza kwanza ndiyo unazungusha. Vijana wapya wote walikivunja. Mimi sikuvunja hata kimoja. Muulize yeyote aliyebaki."

Mama mdogo tayari alikuwa amefungua daftari. "Unabonyeza kwanza?"

"Unabonyeza! Halafu unasubiri kidogo, hewa itoke, la sivyo mafuta yanakurukia usoni. Mchirizi wako umeupatia. Lakini ulikuwa mwembamba zaidi, kwangu mimi. Kwa wengine ulikuwa hivyo."

Alisimama pale karibu saa nzima. Alieleza jinsi ya kutambua mafuta yenye maji kwa kuyatazama kwenye chupa dhidi ya jua. Alieleza jinsi matangi mawili yanavyojazwa sawasawa, maana moja likizidi ndege inainamisha bawa kama kuku mgonjwa. Alitaja urefu wa mpira na uzito wa ndoo. Katika miaka yangu yote ya kumsikiliza Afande barazani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisimulia jambo ambalo halikuongezeka njiani.

"Nimekosea," mama mdogo alisema alipomaliza. Akachukua kisu, akaanza kubandua kifuniko.

Afande alitoka nje. Tulisikia kiti cha chuma kikiburuzwa hadi mahali pake, kisha sauti yake kwenye simu, kubwa kama ya mtu asiyeuamini mtandao: "Heri! Ile fremu ina mtu. Ina mtu, nasema!"

Mama mdogo hakuinua kichwa. Alikuwa amekifikisha kifuniko upande wa ndani, juu kidogo, anakikagua kwa lenzi. Maboksi ya sabuni yalikuwa yamepangwa kutuzunguka mpaka kiunoni. Mimi si mtu wa maswali, na kwa wiki tatu nilikuwa nimelibeba hili moja kama yai.

"Mama mdogo," nilisema, "na kama angekunyang'anya fremu?"

Akapuliza unga wa mbao.

"Ningehama."